Kuti Juu ya Sola

Agosti ya mwaka 1997, watu wa bara waliokuwa wakiishi Ukunda walianza kukimbia. Vijana wenyeji walikuwa wakizichoma nyumba zao na kuwakata mapanga. Fridah, mfua nguo wa hoteli moja ya Diani, hakuweza kukimbia. Mumewe, Wafula, alikuwa na ugonjwa wa sukari, na kidonda cha mguuni hakikumruhusu hata kufika barabarani.

Walijificha ndani ya gari-nyumba la Bi Gertrud, mgeni Mjerumani aliyekuwa amerudi kwao na kumwachia Fridah funguo. Lilikuwa limeegeshwa penye minazi, nyuma ya ua wa michongoma. Kilichompeleka Fridah humo hasa ni friji ndogo. Insulini ya Wafula isingestahimili joto la Diani.

Bi Gertrud alikuwa amemfundisha: sola iliyo juu ya paa hujaza betri, na betri huendesha kila kitu. Mshale wa kipimo ukiingia kwenye nyekundu, friji itazima. Fridah akazima feni, akazima taa, akaacha hata pampu ya maji. Walikaa mapazia yamefungwa, jasho likiwatiririka. Hata hivyo mshale ulizidi kushuka.

"Washa injini kidogo, ijaze betri," Wafula alinong'ona.

"Watusikie? Si ndiyo kuwaita hiyo?"

Asubuhi moja friji ilinyamaza. Fridah akaifungua haraka, akaishika chupa ya dawa. Ubaridi ulikuwa bado upo. Akachungulia dirishani: jua kali, anga haina wingu. Mbona basi betri haijai? Ndipo akakumbuka kishindo walichokisikia juu ya paa siku moja ya upepo. Walidhani ni jiwe, wakalala chini kifudifudi. Kumbe ni kuti, limelalia sola.

Alifungua mlango polepole, akalizunguka gari hadi kwenye ngazi ya nyuma. Akasikia nyayo. Mwanamume alikuwa akija kati ya minazi, panga mkononi. Fridah akajibanza kwenye ngazi.

"Dada Fridah?"

Alikuwa Mwero, mkwezi wa nazi, jirani yao Mdigo, mwenyeji wa hapo. Fridah alilitazama lile panga, asijue leo limetoka kukata nini.

"Usinitaje, kaka. Nakuomba kwa jina la Mungu."

"Wallahi sikutaji. Watafuta nini nje? Wamepita hapo sasa hivi."

Akamweleza habari ya kuti na dawa. Mwero akamwonyesha mlango.

"Ingia. Mimi nikionekana juu na kuti, nani ataniuliza? Ndiyo kazi yangu."

Ndani, walisikia paa likilia chini ya nyayo zake. Kisha sauti ikatoka barabarani.

"Mwero! U pamoja na nani huko?"

"Na nani tena? Natoa makuti ya Mzungu."

Wafula aliuma shuka. Halafu watu wale wakaenda zao, na kuti likaanguka chini.

Alasiri friji iliunguruma tena. Masikioni mwa Fridah ilikuwa kama lori. Akauegemea mlango wa friji kwa mgongo, kana kwamba angeweza kuuzuia mlio.

Baadaye polisi waliwachukua kwa gari lao, na Wafula akafika kwao Bungoma akiwa hai. Hakukanyaga Pwani tena. Fridah alirudi kazini mwaka uliofuata, akaenda kuwaamkia Mwero na mkewe, Jumwa. Walikunywa chai wote watatu, wakazungumza habari za mvua, na hakuna aliyethubutu kuyagusa yale mengine.