Kona ya Tatu ya Bangwe

Mama Brigita hajawahi kupanda pikipiki, achilia mbali kucheza gemu, lakini njia ya mbio za pikipiki hapa Bangwe ni mali yake. Marehemu mumewe, Vedasto, aliichonga kwa jembe katika shamba lao la mihogo, na kila mwaka vijana huja kushindana. Siku moja kabla ya mbio, mama huyu huifagia yote, kokoto kwa kokoto. Mimi ni mwenyekiti wa mtaa mwaka wa kumi sasa, na nilikuwa nikimtania kwamba anaipenda njia kuliko nyumba.

Mwaka huu alikuja Gasper, kijana kutoka Dar es Salaam anayetengeneza gemu za simu. Alitaka kuitia njia ile kwenye gemu yake, na ukitumia njia halisi kwa jina lake, sharti mwenyewe akupe haki kwa maandishi. Nikaitwa niwe shahidi.

Tulikaa barazani, kijana akafungua kompyuta. Pikipiki ikakimbia kati ya mihogo ileile, ziwa likionekana chini. Nilifurahi kama mtoto, sifichi.

Mama Brigita hakufurahi. "Kona ya tatu iko wapi, mwanangu?"

"Tumeinyoosha, mama. Inaua mwendo, na haina sababu. Pale hakuna mwamba wala mti."

"Irudishe, ndipo nitasaini."

Gasper alitabasamu kwa adabu. "Mama, ukikataa tutabadilisha jina na mandhari kidogo. Hapo sahihi yako haitahitajika, na watu watapita palepale."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Huyu alinikasirisha. Hata hivyo nilimgeukia mama nikamwambia, "Kona ni kona tu, saini yaishe." Neno hilo nalijutia mpaka leo.

 Ndipo mama akasema jambo ambalo kwa miaka thelathini na mmoja hakumwambia jirani yeyote.

"Mtoto wetu wa kwanza yuko pale. Aliishi siku mbili, akafa hajabatizwa. Wazee walikataa azikwe makaburini, tukamzika wenyewe shambani, bila msalaba. Vedasto alipochonga njia alimzunguka. Hakuna pikipiki iliyowahi kumpita juu. Sasa wewe unataka dunia nzima impite."

Gasper aliinamisha kichwa. Mimi nilishindwa kumtazama mama usoni kwa aibu.

"Nisamehe, mama," kijana akasema hatimaye. "Kona itarudi." Akaliandika sharti hilo kwa mkono kwenye mkataba, pale pale. Kisha akauliza taratibu, "Kwenye gemu kila kona ina jina. Hii niiandikeje?"

"Sisi huiita ya tatu."

"Na mtoto, aliitwa nani?"

"Hatukuwahi kumpa jina." Aligeuka akalitazama shamba kwa muda. "Andika Feliksi. Vedasto alilitaka hilo."

Gasper akaandika. Mama Brigita akamwomba amsomee, akamsomea. Akamwomba amsomee tena.