Meza Isiyopanda Ngazi

Kwa miaka thelathini na minne Arlys Sundquist aliidai meza yake ya kulia chakula, na kwa miaka hiyo yote mumewe, Verlyn, alimwahidi kwamba michezo yake ya mezani itahamia chumba cha chini ya ardhi. Kila Alhamisi saa moja jioni Verlyn na wenzake wawili waliikalia meza ile, wakatandaza ramani, kadi, vigari-moshi vya mbao na vikombe vya kahawa. Mchezo usipoisha, ramani ililala palepale hadi Alhamisi nyingine, na wenye nyumba wakawa wanakula jikoni kwa kusimama.

"Nikifa, watu watakula wapi siku ya mazishi?" Arlys aliuliza.

"Kanisani, kule chini, kama watu wote."

"Ehee! Hata kanisa lina chumba cha chini kilichokamilika. Sisi tuna shimo."

Na kweli lilikuwa shimo. Kuta za zege tupu, sakafu ya zege tupu, friza la nyama ya kulungu, mitungi ya matango ya siki, na pembeni pampu iliyokohoa kila theluji ilipoyeyuka. Watu walishuka kule king'ora cha kimbunga kilipolia, au nyama ilipohitajika, na wakapanda haraka. Ngazi ilikuwa na vipandio kumi na vitatu, mikali, na kona chini yake iliyomgonga kiwiko kila mwenye kupita.

Verlyn alistaafu udereva wa lori la maziwa mwezi wa Aprili, na mwezi huohuo likatokea jambo la Delmar.

Delmar Tollefson alikuwa fundi seremala, na yeye na Verlyn walikuwa marafiki tangu darasa la kwanza. Wa tatu wao alikuwa Wendell, kinyozi mstaafu, ambaye kazi yake mezani ilikuwa kushindwa kwa furaha. Alhamisi hiyo walicheza mchezo wa reli, na Verlyn alikuwa ameziba njia ya mji wa Duluth kwa kigari kimoja tu, ujanja wa kishetani. Delmar alinyoosha mkono aweke chake. Mkono ukagonga ramani, na vigari vyote vikamwagika chini ya meza.

"Aa, bwana wewe!" Verlyn alicheka. "Ukishindwa usipindue meza!"

Wendell akatazama ndani ya kikombe chake. Delmar alichukua koti lake akasema Lavonne, mkewe, anamsubiri, akaenda. Huyu ni mtu ambaye kuaga kwake kulichukua dakika arobaini, ishirini mlangoni na ishirini dirishani mwa gari. Siku hiyo alitoka kwa dakika moja.

Mtu wa kwingine angemfuata mwenzake kesho yake amuulize, "Vipi, nimekukosea?" Lakini hawa ni watu wa Nyholm, Minnesota, ambako swali la namna hiyo ni karibu na kumvua mtu nguo hadharani. Verlyn hakwenda kumuuliza Delmar. Alikwenda kununua mbao.

Aliwaza hivi: Delmar amechoka kubanwa kwenye meza ya watu, akihofia kumwaga kahawa juu ya kitambaa cha Arlys. Nikimjengea mahali pa kweli, hasira itaisha yenyewe. Kwa mtu aliyeendesha lori miaka thelathini na moja bila kumwambia mtu yeyote kwamba mgongo unamuuma, hoja hiyo ilionekana imenyooka kabisa.

Alianza kwa kubandika karatasi ya nailoni sakafuni na kuiacha siku tatu, aone kama zege linatoa jasho. Halikutoa. Akasimamisha fremu za mbao, akajaza sufi ya kuzuia baridi, akapigilia vibao vya jipsamu ukutani, akaziba viungo na kupiga msasa hadi nywele zikawa nyeupe kuliko zilivyokuwa tayari. Kila msumari uliopinda ulimkumbusha fundi asiyekuja. Maana Delmar alikuwa ameahidi, tena miaka mingi, "Siku utakapojenga chumba hicho, meza naitengeneza mimi." Mwezi wa Juni hakuja. Alimtuma Wendell alete msumeno wake wa mkono, ule wenye mpini wa mti wa mcheri aliorithi kwa baba yake.

"Anasema uchukue tu," Wendell alisema. "Usirudishe."

"Amenikasirikia mpaka anagawa vyombo?"

"Mimi nimetumwa msumeno," Wendell alijibu. "Maneno sikutumwa."

Fundi anapogawa msumeno wa baba yake, jambo hilo linapiga kelele kuliko king'ora. Verlyn aliusikia ukelele huo kama tusi, akautundika msumeno ukutani, wala hakuutumia.

Meza akaitengeneza mwenyewe, mlemle chumbani, kwa mbao za mwaloni zilizotoka kwenye zizi la ng'ombe lililobomolewa. Urefu futi saba, upana futi nne. Akaitia kingo za kuinuka pande zote ili kitu kisidondoke, na juu akaifunika kwa kitambaa kizito cha kijani ili vigari visiteleze. Wendell alipoiona akaizunguka, akaipima ngazi kwa macho.

"Hii utaitoa vipi?"

"Nani kakwambia itatoka?"

Mwezi wa Septemba chumba kikakamilika. Zulia, taa ya kuning'inia, rafu zenye masanduku mia mbili na kumi na manne ya michezo, na viti vitatu. Kimoja Verlyn alikikata miguu kidogo kwa sababu Delmar ni mfupi na hakupenda kusemwa. Arlys, asije mumewe akabadili mawazo, aliitoa sadaka meza ya zamani wiki hiyohiyo, ikaenda kanisani, na mahali pake akasimamisha fremu yake ya kushonea mablanketi ya viraka.

Sasa, katika mji ule, anayealikwa hakubali mara ya kwanza. Mwaliko wa kwanza ni salamu, na jibu lake ni "Usijisumbue." Wa pili ni kupima kama mwenyeji ana nia, na jibu lake ni kisingizio chepesi. Jibu la tatu ndilo jibu. Verlyn na Delmar walikuwa wameucheza mchezo huo maisha yao yote, hata kwa kipande cha keki, na daima mara ya tatu Delmar alisema, "Haya basi, kidogo tu."

"Chumba kiko tayari," Verlyn alisema kwenye simu. "Njoo Alhamisi."

"Aa, usijisumbue kwa ajili yangu."

"Si usumbufu. Njoo."

"Lavonne ana mafua kidogo."

"Arlys ameoka. Njoo, Delmar."

"Hapana, Verlyn. Asante."

Verlyn alibaki na simu mkononi. Mara ya tatu, hapana. Hakuwa amewahi kuisikia katika miaka sitini.

Oktoba ikaenda hivyo, Novemba na Desemba pia. Kila Alhamisi Wendell na Verlyn walishuka vipandio kumi na vitatu, wakakaa wawili mezani penye nafasi ya watu sita, na kile kiti kifupi kikawatazama. Taa ilikuwa nzuri, joto la kutosha, hakuna wa kuwasumbua. Verlyn alikichukia chumba kile kimyakimya. Alikuwa amejenga mahali pazuri pa kumkosa rafiki yake, na hilo lilimuuma kuliko alivyoweza kumweleza mtu, hata Arlys aliyelala naye kitanda kimoja.

Mwezi wa Januari, siku moja mchana, alimkuta mkewe akishona viraka, akasimama mlangoni.

"Sidhani kama Delmar atarudi," alisema. Kwa Verlyn hiyo ilikuwa hotuba.

Arlys alichoma sindano, akaichomoa. Yeye alijua. Lavonne alikuwa amemwambia tangu kiangazi na kumwapisha asiseme, na Arlys ni mtu wa neno lake. Lakini kiapo ni kiapo, na mlango ni mlango.

"Jikoni kuna bakuli la viazi na nyama, liko moto," alisema. "Wapelekee. Na Verlyn, upite mlango wa mbele."

"Wa mbele? Nani anapita mlango wa mbele?"

"Wewe. Leo."

Nyumba ya Delmar imeipa barabara mgongo, uso wake unatazama ziwa, na wageni wote huingia kwa gereji. Mlango wa mbele haukuwa umepitwa na mtu tangu harusi ya binti yao. Verlyn alizunguka na bakuli lake, theluji ikimfika magotini, akitukana kwa sauti ndogo, hadi akafika upande wa ziwa akasimama.

Mbele ya mlango ule palikuwa na njia ya mteremko iliyotengenezwa kwa mbao, ya mtu asiyeweza ngazi, yenye vishikio pande zote mbili. Theluji yake ilikuwa imefagiliwa. Na ilikuwa mbaya, jamani. Mbao hazikulingana, misumari imepinda, kishikio cha kulia kimeinama kuelekea ziwani. Ile ilikuwa kazi ya kinyozi, ya Wendell. Mbele ya nyumba ya fundi bora wa wilaya nzima ilisimama kazi ya kinyozi, na fundi alikuwa ameiacha isimame.

Hapo Verlyn alielewa yote kwa pamoja: mkono uliogonga ramani, msumeno, ile hapana ya tatu. Na juu ya yote akaisikia sauti yake mwenyewe ikicheka, ukishindwa usipindue meza. Mficha maradhi kilio humfichua, wanasema Waswahili. Huyu alifichuliwa na mbao.

Lavonne alimfungulia, akatazama bakuli, akatazama theluji kwenye suruali yake.

"Umepita huku," alisema.

"Arlys kaniambia, shemeji."

"Ndiyo," Lavonne akasema, akampisha.

Kitanda kilikuwa sebuleni. Delmar alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, na alipomwona mgeni alitaka kusimama. Ilimchukua muda mrefu, na Verlyn, kwa adabu za kwao, akautazama ukuta mpaka mwenzake alipokata tamaa akakaa.

Wakanywa kahawa. Kikombe cha Delmar kilijazwa nusu tu. Wakazungumza unene wa barafu ziwani, halafu bei ya dizeli, halafu tena barafu. Saa nzima ikapita hivyo. Verlyn akapiga magoti yake kwa viganja, akasema, "Haya basi," yaani anaondoka, akafika mlangoni, akashika kitasa. Mji mzima ungemsifu kama angekizungusha akaenda zake.

Aligeuka.

"Nilisema umepindua meza."

Delmar akatazama ziwa. "Ulisema."

"Sikujua, bwana."

"Ungejuaje? Sikukwambia." Mkono wake wa kulia ulikuwa ukitetemeka juu ya goti, akaufunika kwa wa kushoto. "Daktari aliniambia mwezi wa Machi kwamba maradhi haya hayaponi. Kila siku nikasema kesho nitamwambia Verlyn. Halafu ukaanza kujenga, na Wendell akaja kunihadithia, zulia hivi, taa vile. Ungemwambiaje mtu? Umenijengea chumba na mimi siwezi kushuka ngazi? Nikaona bora unichukie kidogo."

"Nimekuchukia kidogo," Verlyn alikiri. "Tangu Septemba."

"Basi ilifaulu."

Wote wawili wakacheka, na Lavonne aliyekuwa jikoni akafungua bomba la maji wasimsikie akilia.

Verlyn akarudi kukaa, koti mwilini. "Meza haipandi ngazi," alisema. "Futi saba kwa nne, na ile kona unaijua. Msumeno wako ninao. Nikate wapi?"

"Usiikate meza nzuri, mwehu wewe."

"Umeiona?"

"Wendell kaniambia ina kingo za kuinuka. Kweli?"

"Inchi mbili. Na kitambaa. Ukigonga kigari, hakifiki popote."

Delmar aliiwaza ile meza. Kisha akaomba penseli. Lavonne akaileta na bahasha kuukuu, na Delmar akachora: mstatili uliotapatapa, na ndani yake mstari uliokwenda kama nzi.

"Usifuate mkono wangu, fuata mdomo wangu," alisema, na sauti ilikuwa ile ya zamani, ya kazini. "Usikate katikati. Tafuta ubao wa tatu, kata kwenye kiungo chake, polepole, acha msumeno ufanye kazi. Kitambaa kipasue kwa wembe kwanza. Chini utie vigingi vinne vya mti mgumu, ili vipande vishikamane ukiviunga. Vigingi hivyo Wendell asiviguse."

"Hatavigusa."

"Na Arlys je? Si ameweka fremu yake pale juu?"

"Arlys ndiye aliyenituma mlango wa mbele. Naona ameshakipima chumba cha chini kwa ajili ya fremu yake. Zulia, taa, rafu tele. Mimi nimejenga, yeye anahamia."

"Miaka thelathini na minne," Delmar alisema, "hatimaye kakushinda."

Verlyn akasimama, akaitia bahasha mfukoni kwa uangalifu. Akafika tena mlangoni, akashika tena kitasa, akakohoa.

"Alhamisi basi. Saa moja. Utakuja?"

Alikuwa tayari na mwaliko wa pili mdomoni, wa kusema si usumbufu, na wa tatu nyuma yake, wa kusema Arlys ataoka. Alikuwa hata amekwisha vuta pumzi.

"Nakuja," alisema Delmar.