Tonge la Mjomba

Juzi nilipita mlango wa mkahawa, harufu ya injera ikanichefua kama siku ile Nairobi nikiwa mtoto. Tulikuwa tumetoka Nakuru, vita vya uchaguzi vimetulia, na Mjomba, kaka yake Mama, akatupeleka kwa hoteli ya Waeritrea. Sinia ililetwa moja kwa wote, imetandikwa injera, mkate mchachu, laini kama tambara lililoloa. Mjomba alimega tonge, akachovya mchuzi, akamnyooshea Baba mdomoni, kama wenyeji wa hapo wanavyolishana kwa heshima.

Baba alirudisha kichwa nyuma. "Toa hiyo. Nitatapika."

"Hata mimi, Baba!" nilisema kwa furaha.

Nilidhani ni mkate. Kumbe kilichomtia kinyaa ni mkono wa Mjomba, mkono wa kabila lililopigana na lake. Mama, wa kabila hilohilo, alilipokea tonge kwa mdomo, akalitafuna polepole akimtazama Baba.