Njia ya Kwenda kwa Poliksene

Evanthia alikuwa mshonaji wa makoti ya manyoya mjini Kastoria, kando ya ziwa, mpaka macho yalipomchoka. Alikuwa na miaka kumi na miwili dada yake Poliksene alipopanda meli kwenda Australia, kuolewa na mwanamume aliyemjua kwa picha tu. Mama yao hakutaka neno “mbali” litamkwe nyumbani. Mtu akiuliza, alinyoosha kidole ng'ambo ya ziwa na kusema binti yake yuko nyuma ya mlima ule.

Evanthia alipokua na kuujua ukweli, safari ile ilimtia hofu ambayo hata ndege hazikuiondoa. Kila Pasaka mpwa wake Lefteris, mwana wa Poliksene, alimpigia simu kumsihi aje. Melbourne ni karibu kilomita elfu kumi na tano, alikiri, lakini ni saa chache tu mpaka Doha, kisha usiku mmoja mrefu, basi umefika. Evanthia hakukosa udhuru: goti, paka, maharagwe ya bustanini.

Mwaka ule Lefteris hakumsihi. Alisema tu kwamba mama yake ameanza kusahau majina, ila la Evanthia bado analo.

Evanthia akamwachia jirani paka, akaenda.

Ndege ya kwanza aliimaliza kwa sala. Ya pili ndiyo iliyomwelemea. Kwenye kioo cha ramani mbele yake kindege kidogo kilitambaa juu ya bahari, na kila akikitazama alikiona palepale. Akamfikiria Poliksene, msichana wa miaka ishirini, akiyavuka maji mengi kama yale mwezi mzima bila wa kumshika mkono. Miaka yote alikuwa amemlilia dada kwa kuondoka. Sasa alimlilia kwa ile njia.

Uwanjani Melbourne alimpita bibi mmoja mwenye fimbo bila kumtambua. Kisha nyuma yake akasikia mtu akimgombeza mwanamume mwenye mvi: “Funga koti hilo. Baridi haiulizi umri.” Ilikuwa sauti ya mama yao, mwaka wa ishirini tangu azikwe. Akageuka.

“Dada,” alisema.

Poliksene akamkagua toka kichwani hadi viatuni. “Umechelewa, we mtoto.”

“Ni mbali, dada.”

“Mbali kitu gani? Wewe umekaa kitini unaletewa chakula. Mimi nilitapika mwezi mzima, halafu kushuka nakuta bwana harusi mfupi kuliko picha yake.”

Wakacheka huku wameshikana wasianguke, na Lefteris akasimama pembeni, koti limefungwa mpaka kidevuni.

Evanthia alikaa miezi mitatu. Walilala chumba kimoja, wakabishana kuhusu chumvi ya maharagwe. Siku nyingine Poliksene alimwita “mama”. Mara ya kwanza Evanthia alimsahihisha, akaona jinsi uso ule ulivyosinyaa. Tangu hapo akawa anaitika tu, na kumchana nywele.

Aliporudi Kastoria, wanawake wa duka la mikate walimuuliza kama kweli ni mbali hivyo.

“Unakula mara tatu, unasinzia, unalia kidogo,” alisema. “Halafu mtu anakufungulia mlango.”

Akaenda tena mwaka uliofuata, na uliofuata huo. Goti lilimuuma njia nzima.