Niliandika Tulikuwa Wawili Tu

Kuna watu hujisifu kwamba wanajua kuongea na watu. Mimi nilikuwa mmoja wao, na ndiyo maana nilipewa kazi ya kukusanya data za utafiti kuhusu huzuni ya wanawake ambao waume zao wamekufa ziwani. Nilitoka Nyakato, pale Musoma, asubuhi na fomu zangu, nikaingia Murangi na macho makavu.

Nyumba ya tatu nilimkuta mjane kijana akianika dagaa. Aliishi kwa mama mkwe wake, pamoja na mtoto wa miaka miwili. Nilipomweleza shida yangu aliinamisha kichwa, akasema hajisikii vizuri, nije siku nyingine. Utaratibu ulikuwa wazi: mtu akisita, unashukuru, unaondoka. Lakini na mimi nimeolewa huku huku Mara. Najua mke wa mtoto wa watu hawezi kumkatalia mama mkwe mbele ya mgeni. Basi nikamgeukia yule mama aliyekuwa amekaa kibarazani, nikamwamkia kwa adabu zote, nikaanza maelezo upya.

"Mwanangu, msaidie mgeni," mama akasema. "Ametoka mbali huyu."

Yule dada akanawa mikono, akaweka dole gumba kwenye fomu ya ridhaa. Nilijiona mjanja kweli kweli.

Mvua ikaanza, tukaingia ndani. Kuta za vyumba hazikufika kwenye bati, na mama mkwe alikuwa chumba cha pili akipepeta maharage. Nilipaswa kuahirisha. Nilitaka kuwahi gari la Musoma, kwa hiyo nikashusha sauti tu, nikauliza lile swali gumu: kama amewahi kufikiria kujiua.

"Siku za mwanzo nilikuwaga nawaza, dada. Niingie ziwani na mtoto, yaishe. Sasa hivi siwazagi tena."

Ungo wa upande wa pili ukanyamaza. Niliusikia ukinyamaza. Bado nikaweka alama ya vema kwenye kisanduku kilichouliza kama mahojiano yamefanyika faragha, nikamwachia namba ya mshauri na mche wa sabuni, nikaondoka.

Mwezi uliofuata nilirudi na fomu za awamu ya pili. Mtoto hakuwepo. Bibi yake alikuwa amempeleka Bunda kwa shangazi. Siwezi kumwita mama yule katili. Ziwa lilishamchukulia mwanawe, akaogopa litamchukulia na mjukuu. Alisikia nusu ya jibu, na mimi ndiye niliyemfanya alisikie.

"Dada," mjane akaniambia, "ulinisomeaga kwamba naweza kujitoa siku yoyote."

Sentensi hiyo ya fomu ya ridhaa niliisoma mbio mbio ili tumalize. Yeye aliishika.

"Basi leo nijitoe. Futa yale niliyosema, halafu umwambie mama yamefutwa. Wanirudishie mtoto wangu."

Majibu yake yalikuwa yameshatumwa siku nyingi. Nilichukua fomu mpya, isiyo na neno lake hata moja, nikachora mstari kuanzia juu mpaka chini. Kusoma hajui. Aliutazama ule mstari, akanishukuru kwa mikono miwili, akakimbilia shambani kumwita mama mkwe aje asikie kwa masikio yake.

Walipofika nyumbani, mimi nilikuwa juu ya bodaboda, Murangi nimeshaiacha nyuma.