Glovu Nilizozipaka Mafuta

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja wa Timu alinikabidhi funguo za stoo ya chuo chetu pale Kariakoo, akaniambia kocha anaweza kukosea lakini mtunza vifaa hawezi. Nilicheka. Mtu nimetoka Lindi nikifua nguo za watu, leo napewa cheo! Kumbe kazi ilikuwa kazi kweli. Jezi hufuliwa kwa maji baridi, namba zisibanduke. Njumu, viatu vya mpira, huanikwa kivulini, la sivyo hukakamaa zikamchubua mchezaji. Vijana wakanibatiza Mama Jezi.

Nilifanya kazi na Makocha Wakuu wanne. Ninayemwombea mpaka leo ni wa tatu, kijana wa Kihindi mzaliwa wa Upanga, mpole wa sauti, mgumu wa msimamo. Alipofika tu aliivunja kamati ya ufundi, yaani wale wazee waliokwenda kwa mganga kabla ya mechi, kisha wakatulazimisha kuingia uwanjani kwa kuruka ukuta. Yeye alisema ufundi ni mazoezi. Basi tukapita getini, tukafungwa. Tukafungwa msimu mzima, hata watani wetu wa Posta wakawa wanatupa pole kabla ya mechi kuanza.

Ikabaki mechi moja, na sare tu ingetuokoa tusishuke daraja. Mimi na kichwa changu kigumu nikaenda kwa mganga nyuma ya soko, akanipa mafuta. Nikayapaka kwa siri kwenye glovu za Rashidi, golikipa wetu. Mtoto wa watu alikuwa anasomeshwa kwa sababu ya mpira. Akiachwa na timu, na chuo basi. Mafuta yalitulia mpaka jasho lilipoyaamsha. Dakika za mwisho likaja shuti jepesi, la kudakwa na bibi yangu, likamteleza mikononi. Tukashuka.

Watu wakasema kahongwa. Mkuu wa Chuo akataka afukuzwe. Rashidi hakujitetea, alibaki kuitazama mikono yake. Chakula kilinishinda. Nikaenda kwa Kocha Mkuu nikamweleza yote, nikaweka funguo mezani. Akazisukuma kurudi upande wangu.

"Chukua funguo zako, Mama," akasema. "Ila kamwambie mwenyewe, mbele ya wenzake."

Nilisema mbele ya wote, machozi yananitoka. Kocha naye akaenda kwa Mkuu wa Chuo kusema timu ni yake na lawama ni zake. Rashidi akabakizwa. Kocha akaondolewa.

Sasa nimestaafu, na vijana wanaoanza kazi hii huniuliza nashukuru nini. Namshukuru kocha yule, kwa kunifundisha kusema kweli na mvi zangu hizi. Na nashukuru kwa asubuhi moja ya mazoezi, Rashidi aliposimama mlangoni mwa stoo na glovu zile zile.

"Shikamoo, Mama. Nifulie, kesho nadaka."

Nilizifua mara tatu, ingawa zilitakata mara ya kwanza.