Swali la Tisa

Yadviha alikuwa nesi wa zahanati ya kijiji chetu cha Verasy, kusini mwa Belarusi, na mimi nilikuwa dereva wake. Kinu cha nyuklia kilipolipuka ng'ambo ya mpaka, Aprili ya 1986, siku kadhaa zilipita bila mtu kutuambia kitu. Tulipanda viazi. Watoto walicheza mvuani. Yadviha alimkamua ng'ombe wake asubuhi na jioni, akampa bintiye Alesya, wa miaka minne, maziwa yangali na joto.

Miaka minne baadaye wakaja madaktari wa utafiti kutoka Minsk. Walitaka kuwafuatilia watoto wetu sitini na wawili hadi utu uzima, waone mionzi itawafanya nini. Yadviha akapewa kazi ya kuwapapasa shingo kila mwaka na kuwahoji mama zao. Swali la tisa liliuliza: wiki mbili za kwanza, mtoto alikunywa maziwa vikombe vingapi kwa siku? Maana sumu ilishuka majanini, ikaingia kwa ng'ombe, ikaenda kukaa kwenye tezi ya shingo ya mtoto.

Fomu ya Alesya, Yadviha aliijaza mwenyewe. Akaandika: hakunywa.

Alesya akiwa na miaka kumi na miwili, vidole vya mama yake vilikuta kivimbe shingoni. Saratani. Akapasuliwa, akapona, akabaki na kovu na vidonge vya kila siku. Lyavon, mtoto wa jirani aliyeugua vilevile, hakupona. Tulimzika akiwa na miaka kumi na mitano.

Mwaka 2003 daktari mmoja kijana, Vitold, aliipitia fomu ile akakuna kichwa.

"Nesi, huyu binti yako ananitatiza. Maziwa hakunywa hata tone, sasa mionzi ilimpata vipi? Naona nimtoe kwenye hesabu."

Yadviha akainuka, tukaondoka. Njiani akaniambia, "Yazep, simama." Akashuka, akalia kando ya shamba la shayiri mpaka nikaogopa. Kisha akasema, "Nipeleke kwa Alesya."

Tulimkuta anamenya viazi. Mama yake alisimama mlangoni, kiti akakikataa.

"Nilikunywesha mimi. Vikombe vitatu kwa siku. Halafu nikaandika uongo."

Alesya aliendelea kumenya. "Mama, najua. Nakumbuka ulivyokuwa unanifuta povu mdomoni."

"Na hukuwahi kuniuliza?"

"Nikuulize nini? Kwani ulijua yana sumu?"

"Sikujua."

"Basi kaa ule. Kesho karekebishe hiyo karatasi, usiniharibie utafiti. Shingo nimetoa mimi, ati!"

Yadviha alicheka huku machozi yanamtoka.

Alirekebisha mbele ya Vitold, wala hakuficha kijijini. Wiki ile wanawake wakaanza kuja zahanati, mmoja mmoja, wakifunga mlango nyuma yao. Walikuwa kumi na mmoja. Wote walikuwa wamesema uongo uleule, kwa aibu ileile.

Wa mwisho alikuwa Paluta, mama yake Lyavon.

"Dada, fomu ya mwanangu bado mnayo?"

"Tunayo."

"Andika vinne. Alikuwa anapenda maziwa, wewe! Na jina lake wasilitoe kwenye hesabu."

"Hawatalitoa."

Yadviha akaandika. Kisha wakakaa bega kwa bega kwenye benchi la wagonjwa mpaka saa ya kufunga.